Kuitafuta tezi mlinzi katika saratani ya kinywa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tezi mlinzi ni ipi hasa?

Ni tezi limfu ya kwanza kupokea limfu inayotiririka moja kwa moja kutoka eneo lenye uvimbe. Seli za saratani zikichopoka kinywani na kuingia kwenye mfereji wa limfu, hapo ndipo kituo chao cha kwanza. Tezi hiyo ikiwa safi, uwezekano ni mkubwa kwamba zilizo mbele yake nazo ni safi.

Mara nyingi huwa zaidi ya moja, kwa kawaida 2 au 3. Pia si lazima iwe ile iliyo karibu zaidi na uvimbe. Uvimbe wa pembeni mwa ulimi unaweza kupeleka limfu moja kwa moja kanda ya III au ya IV, chini shingoni (kanda ni sehemu za shingo zilizopewa namba, kuanzia I iliyo chini ya taya), ukiziruka tezi za juu. Unaweza pia kuvuka mstari wa kati na kwenda upande wa pili wa shingo, ambako daktari aliyefuata anatomia ya vitabuni asingegusa kabisa. Ndiyo sababu tezi hii hutafutwa kwa picha kwa kila mgonjwa: dawa ya mionzi hudungwa kuzunguka uvimbe, kamera huonyesha tezi inakofikia, kisha tezi hiyo hutolewa na kuchunguzwa maabara.

Mgonjwa ameshapigwa picha za CT, MRI na hata PET, na shingo imeonekana safi. Kuna haja gani tena?

Vipimo hivyo huona kitu kikubwa. Seli zilizojikusanya kwenye tezi kwa upana wa milimita 1 haziivimbishi tezi hata CT ishtuke, na PET hushindwa kuona vitu vilivyo chini ya milimita 4 au 5. Kwa wagonjwa wenye saratani ya kinywa ya hatua za mwanzo ambao shingo zao zimeonekana safi kwa mkono na kwa picha, kati ya asilimia 20 na 30 tayari wana saratani iliyojificha ndani ya tezi.

Kungoja mpaka dalili zionekane kuna gharama. Utafiti wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha wagonjwa waliosafishwa shingo mapema, yaani waliotolewa tezi limfu za shingoni kwa upasuaji, na wale waliosubiri mpaka tezi zijitokeze. Baada ya miaka 3 asilimia 80 ya kundi la kwanza walikuwa hai, dhidi ya asilimia 67.5 ya kundi la pili. Lakini ukisafisha shingo ya kila mtu, wagonjwa 7 hivi kati ya 10 watapasuliwa bure na kubaki na kovu refu, ganzi ya ngozi na bega lisilonyanyuka vizuri. Kipimo cha tezi mlinzi kinaziba pengo hilo: kinamtambua anayehitaji kusafishwa shingo na kumwacha asiyehitaji.

Nani anafaa na nani hafai?

Anafaa mwenye uvimbe wa T1 au T2, yaani wa hatua za mwanzo, unaoweza kufikiwa kwa sindano, na ambaye shingo yake haina tezi yenye shaka. Hafai mwenye tezi iliyothibitishwa kuwa na saratani, mwenye uvimbe mkubwa, au yule ambaye shingo yake itafunguliwa kwa vyovyote ili kufikia uvimbe au kuunganisha mishipa ya nyama ya kiraka. Shingo iliyowahi kupasuliwa au kupigwa mionzi si katazo la moja kwa moja, ila njia za limfu huwa zimebadilika, na picha isomwe kwa tahadhari zaidi.

Ultrasaundi ya shingo, pamoja na kufyonza seli kwa sindano nyembamba pale tezi inapotiliwa shaka, ifanyike kabla, na isirukwe. Tezi iliyojaa saratani kabisa haipokei tena dawa. Limfu hugeuka na kupita njia nyingine mpaka tezi ya jirani ambayo ni safi, na hiyo ndiyo itakayong'aa kwenye picha. Daktari ataitoa, maabara itasema salama, na saratani itabaki shingoni.

Dawa gani ya mionzi hutumika?

Zote hubeba teknesiamu-99m, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6 na hutoa miale ya gama yenye nishati ya keV 140, inayokamatwa vizuri na kamera. Kinachotofautiana ni kibebaji. Ulaya wengi hutumia nanokoloidi ya albumini, ambayo chembe zake nyingi ziko chini ya nanomita 80. Marekani kumezoeleka koloidi ya salfa iliyochujwa. Chembe kubwa mno hubaki palepale zilipodungwa, na ndogo mno hupita tezi ya kwanza na kusambaa kwenye za nyuma.

Tilmanosepti ni ya aina nyingine. Haitegemei ukubwa wa chembe peke yake, bali hujishika kwenye vipokezi vya CD206 vilivyo juu ya seli za ulinzi ndani ya tezi. Huondoka haraka mahali pa sindano, na hilo ni faida kubwa kinywani, kama tutakavyoona. Marekani iliidhinishwa mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikaongezewa matumizi ya saratani za kichwa na shingo.

Jambo moja husahaulika: albumini ya nanokoloidi hutokana na damu ya binadamu. Mgonjwa ambaye imani yake haimruhusu kupokea mazao ya damu aambiwe mapema, kabla hajalazwa mezani.

Sindano inadungwaje?

Hapa ndipo kazi nzima huharibikia au kufaulia. Kamera nzuri haiwezi kuokoa sindano mbaya, na picha nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu zilikwisha kuharibika dakika 20 kabla kamera haijawashwa. Tunashauri adunge daktari wa upasuaji aliyeuona uvimbe, au angalau asimame kando ya anayedunga.

Ganzi iwe ya kupuliza au kupaka. Ikibidi kudunga ganzi, izuiwe neva iliyo mbali na uvimbe. Ganzi ikimwagwa kuzunguka uvimbe wenyewe, maji yake hubana mifereji midogo na kugeuza njia ya limfu.

Tumia bomba la sindano la mililita 1 na sindano nyembamba ya geji 25 hadi 27. Gawa dawa mafungu 3 au 4 ya mililita 0.1 hadi 0.2 kila moja. Vuta hewa kidogo nyuma ya dawa, ili tone la mwisho lililobaki ndani ya sindano lisukumwe litoke badala ya kudondoka ulimini. Dunga kuzunguka uvimbe pande zote, chini tu ya utando wa kinywa, milimita chache nje ya ukingo wake. Kwa uvimbe wa ulimi uliozama, fungu moja lielekezwe chini yake. Usidunge katikati ya uvimbe, kwa sababu shinikizo la ndani ni kubwa na mifereji imezibwa, kwa hiyo dawa hukaa palepale.

Dunga polepole. Ukisukuma kwa nguvu, dawa hurudi kupitia tundu la sindano na kuchanganyika na mate. Weka shashi kavu pembeni kabla ya kuanza, kisha mgonjwa asukutue na kutema mara kadhaa bila kumeza. Mate yenye mionzi yakimezwa, koo na umio hung'aa kwenye picha. Yakidondokea kidevuni au shingoni, doa moja la ngozi linaweza kusomwa kama tezi. Badilisha glavu, futa ngozi, na mtoe mgonjwa vazi lililochafuka kabla hajaingia kwenye kamera.

Kiasi gani cha mionzi, na upasuaji uwe lini?

Inategemea ratiba. Ukipasua siku hiyohiyo, MBq (megabekereli, kizio cha nguvu ya mionzi) 40 hadi 50 kwa jumla hutosha. Ukidunga leo na kupasua kesho, panda mpaka karibu MBq 100. Hesabu ni nyepesi: saa 24 ni vipindi 4 vya kupungua nusu, kwa hiyo kinachobaki ni sehemu 1 ya 16. MBq 100 za jana asubuhi ni takriban MBq 6 leo, na sehemu kubwa ya hizo bado iko kinywani. Ukitumia kipimo cha siku moja kwa ratiba ya siku mbili, kipimo cha mkononi, kile kifaa kidogo cha kunasa mionzi, kitanong'ona tu chumba cha upasuaji.

Picha zinapigwaje hatua kwa hatua?

Mgonjwa alale chali, shingo ikiwa imenyooshwa kidogo, karibu na mkao atakaokuwa nao siku ya upasuaji. Kamera ya gama ifungwe kolimeta (kichujio cha risasi kinachoelekeza miale) ya nishati ndogo yenye mwono mkali, na dirisha la nishati liwekwe kwenye keV 140, asilimia 10 kila upande.

Picha mfululizo zianze mara tu sindano inapotoka, na si baada ya chai. Ziendelee dakika 15 hadi 20, fremu ya kila sekunde 20 hadi 60. Kinywani limfu hukimbia, na tezi inaweza kuonekana ndani ya dakika 2 au 3. Ukichelewa unakuta tezi tano zimeng'aa na huna namna ya kujua ipi ilitangulia.

Kisha zipigwe picha tuli za mbele na za pande zote mbili, dakika 3 hadi 5 kila moja. Bamba la kobalti-57 likiwekwa nyuma ya mgonjwa huchora kivuli cha kichwa na mabega, hivyo msomaji anajua doa liko wapi mwilini. Kalamu ya kobalti husaidia kupata alama ya kuchora juu ya ngozi kwa wino usiofutika. Tezi isipoonekana mwanzoni, rudia picha tuli baada ya saa 1 au 2.

Mwisho ni SPECT/CT. Kamera huzunguka na kutoa picha ya pande tatu, kisha CT ya mionzi midogo huwekwa juu yake. Doa lililokuwa linaelea kwenye picha bapa sasa linaonekana liko kanda ya IIA, mbele ya mshipa mkuu wa shingoni, chini ya msuli, kina cha sentimita 3. Mara kwa mara hufichua pia tezi ambazo picha bapa ilizikosa, au kuonyesha kwamba doa moja ni tezi mbili zilizopangana. Kama hospitali inayo mashine hiyo, hatuoni sababu ya kuiacha.

Madoa yote yanayong'aa ni tezi mlinzi?

Hapana. Yenye nguvu ya hoja ni ile iliyounganishwa na mfereji unaoonekana ukitoka moja kwa moja kwenye uvimbe, kisha iliyotangulia kuonekana katika kanda yake. Inayong'aa kuliko zote kwa kawaida huwa ya kuondolewa, lakini mwangaza peke yake si ushahidi. Tezi ya pili kwenye mstari ikiwa kubwa hukusanya dawa nyingi kuliko ya kwanza iliyo ndogo.

Ripoti iseme mambo manne bila kuzungusha: upande, kanda, idadi, na kiwango cha uhakika kwa kila tezi. Sentensi kama "tezi zimeonekana shingoni" haimsaidii aliyeshika kisu.

Kwa nini uvimbe wa sakafu ya kinywa huleta shida kuliko wa ulimi?

Kwa sababu tezi za kanda ya I ziko sentimita 1 au 2 tu chini ya mahali pa sindano. Dawa nyingi hubaki palipodungwa, na mng'ao wake mkubwa huifunika tezi ndogo iliyo jirani. Kamera inaona wingu moja. SPECT/CT hupunguza tatizo, ila hailimalizi, maana uwezo wake wa kutenganisha vitu una mpaka, na umbali huu unakaribia mpaka huo.

Zipo njia kadhaa. Piga picha ya mshazari na ya kutokea chini ya kidevu. Kipande cha risasi juu ya mdomo hupunguza mng'ao, ingawa kikisogea kidogo hufunika tezi yenyewe. Tilmanosepti husaidia kwa kuwa huondoka mapema kwenye sindano. Katika chumba cha upasuaji, ondoa uvimbe kwanza, na hapo chanzo cha mng'ao kitakuwa kimetoka pamoja nao, kisha pima kanda ya I upya. Baadhi ya wapasuaji huondoa kabisa nyama na tezi zilizo mbele ya tezi ya mate ya chini ya taya kwa kila mgonjwa wa sakafu ya kinywa. Tunaona huo ni uamuzi wa busara pale ambapo picha haijatoa jibu.

Na ICG, ile ya kijani inayong'aa kwenye skrini?

ICG (indosianini ya kijani) ni rangi ya kudungwa. Huangazwa kwa mwanga wa infraredi ya karibu, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 800, nayo hujibu kwa mng'ao ambao jicho halioni ila kamera maalumu huuona. Chupa ya miligramu 25 huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano, ukapata miligramu 2.5 kwa mililita. Tumia maji yaliyoelekezwa na mtengenezaji. Kwenye maji ya chumvi hujikusanya na kushuka.

Faida yake ni kuona papo hapo, kwa ukali unaotenganisha tezi na sindano hata sakafuni mwa kinywa. Udhaifu wake ni kina. Mng'ao hupenya nyama kwa milimita 5 hadi 10 hivi, kwa hiyo tezi iliyolala chini ya msuli mkubwa wa shingo haionekani mpaka uifikie. Halafu ICG peke yake haikai: ndani ya dakika chache imeshapita tezi ya kwanza. Mfereji ukikatwa kwa bahati mbaya, eneo lote linalowa kijani na huoni kitu. Ina pia iodidi ya sodiamu, kwa hiyo uliza historia ya mzio wa iodini.

Mchanganyiko wa ICG na nanokoloidi yenye teknesiamu, uliotumiwa sana Uholanzi, hutibu tatizo la kukimbia: chembe moja inabeba mionzi na mwanga, hukaa kwenye tezi hadi siku ya pili, mionzi ikikuongoza kutoka mbali na mwanga ukikamilisha karibu.

Rangi ya bluu sisi hatuipi nafasi kubwa kinywani. Huchafua utando na kuficha ukingo wa uvimbe unaotakiwa kukatwa, na mara chache huleta mzio mkali wa kuhatarisha maisha.

Zipo njia zisizo na mionzi wala kamera ya gama?

Chembe za oksidi ya chuma zenye usumaku hudungwa vilevile, kisha tezi hutafutwa kwa kipimo cha sumaku. Tezi iliyozinyonya hugeuka kahawia au nyeusi. Vifaa vya chuma lazima viondolewe karibu na kipimo, hivyo vinahitajika vishikizi vya plastiki. Tatizo kubwa ni baadaye: mabaki ya chuma huharibu picha za MRI za eneo hilo kwa miezi, na MRI ndiyo tegemeo la kufuatilia ulimi.

Japani wamefanya kazi nyingi ya CT ya limfu, ambapo dawa ya iodini hudungwa kuzunguka uvimbe na CT kupigwa dakika chache baadaye. Huchora mifereji vizuri mno, lakini hupita haraka na haiachi chochote cha kufuata chumba cha upasuaji. PET nayo imejaribiwa kwa nanokoloidi yenye zirkoni-89 na tilmanosepti yenye gali-68, ikalenga hasa lile tatizo la sakafu ya kinywa. Hizi bado ni za vituo vya utafiti.

Kipimo cha mkononi kinatumiwaje wakati wa upasuaji?

Kabla ya kukata, pima juu ya ngozi na ulinganishe na alama za wino. Elekeza ncha mbali na kinywa, vinginevyo unapima sindano. Tezi ikitoka, ipime nje ya mwili, iandike namba na kanda, kisha rudi kupima kitanda ilimotoka. Kilichobaki kikiwa chini ya asilimia 10 ya tezi yenye hesabu kubwa zaidi, kanda hiyo imekwisha. Kikizidi, endelea kutafuta.

Tezi isipoonekana kabisa kwenye picha?

Subiri, kandakanda eneo la sindano taratibu, piga picha tena. Ikishindikana, dunga mara ya pili. Kutoonekana kwenye picha hakumaanishi shingo ni salama. Kama hata kipimo cha mkononi hakipati kitu, mgonjwa asafishwe shingo.

Njia hii inaaminika kiasi gani?

Utafiti wa SENT wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia wagonjwa 415 katika vituo 14. Tezi mlinzi ilipatikana kwa asilimia 99.5, na asilimia 23 walikutwa na saratani ndani yake. Kipimo kilinasa asilimia 86 ya waliokuwa nayo kweli, na aliyeambiwa yuko salama alikuwa salama kwa asilimia 95. Baadaye tafiti za Ufaransa (2020) na Japani (2021), zilizogawa wagonjwa kwa kura, zilionyesha kwamba waliopimwa tezi mlinzi hawakupata matokeo mabaya kuliko waliosafishwa shingo.

Takwimu hizo zinategemea maabara pia. Tezi hukatwa vipande vyembamba kila mikromita 150 na kupakwa rangi ya kawaida pamoja na kingamwili ya AE1/AE3 inayotambua keratini, protini ya seli za saratani hii. Ikikatwa mara moja katikati kama tezi nyingine, kundi la seli la milimita 0.5 litapitwa, na kazi yote ya picha itakuwa bure.

Mgonjwa anapaswa kujua nini kuhusu mionzi?

Kipimo cha dawa chenyewe ni kidogo, chini ya mSv 1 (milisivati, kizio cha mionzi inayoupata mwili), wakati mtu hupokea kwa wastani mSv 2.4 kwa mwaka kutoka mazingira ya kawaida. Anayenyonyesha hushauriwa kukamua na kumwaga maziwa kwa saa 24. Mwenye mimba aseme mapema. Mara nyingi inawezekana kwa kiasi kidogo na ratiba ya siku moja, na rangi ya bluu ikiepukwa. Sindano inachoma kwa sekunde chache. Kulala bila kumeza mate ovyo wala kugeuza shingo ndiko wengi wanakoona kugumu.

Je, inawezekana Afrika Mashariki?

Vifaa vya msingi vipo. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala zina vitengo vya tiba ya nyuklia. Kikwazo cha kwanza ni kwamba wagonjwa wengi wa kinywa hufika wakiwa na tezi zinazoshikika kwa mkono, na hao kipimo hiki si chao. Kidonda cha kinywani kisichopona ndani ya wiki 3 kingepelekwa hospitali mapema, hasa kwa mtumiaji wa tambuu, ugoro au sigara, wengi zaidi wangefaa.

Kikwazo cha pili ni ratiba. Teknesiamu hukamuliwa kutoka jenereta ya molibdeni-99, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila saa 66, yaani hupoteza karibu asilimia 22 kwa siku. Jenereta huja kwa ndege, na ikifika mwanzoni mwa wiki, Ijumaa imekwisha kuchoka. Kituo kinachotaka kuanza kipange wagonjwa wa tezi mlinzi siku ya kwanza au ya pili baada ya jenereta kuwasili, kitumie ratiba ya siku moja, na kihakikishe kimeshapata kipimo cha mkononi. Kwa wagonjwa wa mwanzo wapasuaji wasafishe shingo hata baada ya kutoa tezi mlinzi, walinganishe majibu ya maabara, na waache kusafisha pale tu rekodi yao wenyewe inapoonyesha kwamba tezi walizozitoa zinasema kweli.